Kabla ya Kununua Mizani ya Kidijitali, Kagua Bluetooth ya Kompyuta

Maziwa hupimwa alfajiri. Foleni ya mikebe huanza jua likiwa bado halijachomoza, na karani mmoja ndiye anayesoma mizani, anayeandika kilo kwenye daftari la kituo, kisha anayeziandika tena kwenye kadi ya mfugaji. Kilo 8.4 zinaandikwa 8. Kosa hilo ni dogo kwa asubuhi moja. Likirudiwa kwa siku 30, mfugaji amepoteza kilo 12 ambazo hazitaonekana kwenye malipo yake ya mwezi, na hana ushahidi wowote isipokuwa kadi ile ile iliyoandikwa na karani yule yule.

Hii ndiyo sababu vyama vya ushirika na vikundi vya wafugaji huvutiwa na mizani ya kidijitali inayotuma uzito moja kwa moja kwenye kompyuta. Mkebe unawekwa, namba inasimama, na kilo 8.4 zinaingia kwenye hesabu ya mwanachama bila kupitia kwenye kalamu ya mtu.

Shida huanza mizani mpya inapowekwa kando ya kompyuta ya zamani. Katoni ya mizani ina alama ya Bluetooth. Kompyuta nayo ina alama hiyo hiyo kwenye kibandiko chake. Simu ya katibu inaiona mizani mara moja, lakini kompyuta haioni kitu. Aliyeuza mizani analaumu kompyuta, aliyeuza kompyuta analaumu mizani, fundi anaitwa na kulipwa, na baada ya wiki mbili karani anarudi kwenye daftari lake huku pesa za wanachama zikiwa zimeshatoka.

Mara nyingi katika hali kama hiyo hakuna kifaa kilichoharibika. Kilichokosekana ni ukaguzi wa dakika tano ambao ungefanywa kabla ya kulipa.

Jina moja, lugha mbili

Teknolojia ya Bluetooth ilianzia katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi miaka ya 1990, na jina lake ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyepewa lakabu hiyo. Bluetooth hiyo ya kwanza, ambayo siku hizi huitwa ya kawaida, iliundwa kwa mawasiliano yanayoendelea bila kukatika. Ni kama simu iliyopigwa na kuachwa wazi. Muziki unaosikika kwenye spika au vipokea sauti husafiri hivyo, na ndiyo maana betri zake huhitaji kuchajiwa kila mara.

Mizani haina haja ya kuzungumza muda wote. Inahitaji kusema namba moja, kisha inyamaze hadi mkebe unaofuata. Vivyo hivyo mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari au kipimajoto cha jokofu la chanjo. Kwa vifaa vya aina hii, kampuni ya Nokia ya Finland ilitangaza mwaka 2006 mfumo mwingine ulioitwa Wibree, ambao huamka, hutuma ujumbe mfupi na kurudi kulala. Mfumo huo uliingizwa katika viwango vya Bluetooth kupitia toleo la 4.0 lililotolewa mwaka 2010. Ndio unaojulikana leo kama Bluetooth ya nishati kidogo. Kwenye katoni huandikwa "Bluetooth LE", "BLE" au, kwa bidhaa za miaka ya mwanzo, "Bluetooth Smart". Kifaa kidogo kinachoitumia kinaweza kufanya kazi kwa miezi mingi kwa betri bapa ya ukubwa wa sarafu.

Lililo muhimu kwa mnunuzi ni kwamba mifumo hii miwili haielewani. Yote hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, lakini Bluetooth ya kawaida imegawa masafa hayo kwa njia 79, na ile ya nishati kidogo imeyagawa kwa njia 40 zilizo pana zaidi, tatu kati ya hizo zikiwa za kutangazia tu kwamba kifaa kipo. Ni sawa na watu wawili waliosimama soko moja, mmoja akijua Kiswahili pekee na mwingine Kiturkana pekee. Simu nyingi za kisasa na kompyuta za miaka ya karibuni hubeba lugha zote mbili. Kompyuta yenye redio iliyotengenezwa kabla ya toleo la 4.0 inajua moja tu, na hakuna programu itakayowekwa ndani yake ikaifundisha ya pili, kwa sababu upungufu uko kwenye redio yenyewe.

Alama ya Bluetooth kwenye kibandiko haitofautishi lugha hizo.

Ukaguzi kwenye Windows

Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu katika sehemu hii ni yale yanayoonekana kwenye skrini, ambayo kwa kompyuta nyingi huwa kwa Kiingereza.

Anayekagua abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, kisha achague "Device Manager". Orodha ya vifaa vya ndani vya kompyuta itafunguka. Atafute neno "Bluetooth" na kubonyeza mshale ulio kando yake. Ndani ya orodha hiyo atafute mstari ulioandikwa "Microsoft Bluetooth LE Enumerator". Ukiwepo, Windows imeitambua redio ya kompyuta hiyo kuwa inayojua lugha ya nishati kidogo. Herufi mbili, LE, ndizo za kuangaliwa kwa makini, kwani kuna mstari mwingine unaofanana nao sana, "Microsoft Bluetooth Enumerator", ambao hauna herufi hizo na hauthibitishi chochote kuhusu nishati kidogo.

Baada ya hapo inafaa kujua toleo la redio. Katika orodha hiyo hiyo kuna jina la redio yenyewe, mara nyingi likianza na jina la aliyeitengeneza kama vile Intel, Realtek, Qualcomm, Broadcom au MediaTek. Majina ya simu au spika zilizowahi kuunganishwa huonekana hapo pia, hayo yaachwe. Anayekagua abonyeze jina la redio mara mbili, kisha afungue kichupo cha "Advanced". Ataona herufi LMP zikifuatwa na namba. Namba iliyo kabla ya nukta ndiyo inayohesabiwa. Namba 3 ni toleo la 2.0, 4 ni 2.1 na 5 ni 3.0, na matoleo hayo matatu hayana nishati kidogo kabisa. Namba 6 ni toleo la 4.0, 7 ni 4.1, 8 ni 4.2 na 9 ni 5.0. Kuanzia 10 kwenda juu ni matoleo ya 5.1 na yaliyofuata.

Kwa hiyo mstari wa mpaka ni 6. Hata hivyo namba peke yake isichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Viwango vya Bluetooth havimlazimishi mtengenezaji wa redio ya toleo la 4.0 au zaidi kuweka lugha zote mbili, na zipo zilizowekwa moja tu. Ndiyo maana mstari wenye LE hutafutwa kwanza, na LMP hufuata kama shahidi wa pili.

Wakati mwingine neno "Bluetooth" halipatikani kabisa kwenye orodha. Hapo kuna mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kukata tamaa. La kwanza, huenda redio imezimwa: vipakatalishi vingi vina kitufe chenye picha ya ndege au ya antena kwenye safu ya juu ya kibodi. La pili, huenda redio ipo lakini draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuizungumzisha, haijawekwa. Jambo hili hutokea sana kwa kompyuta za mitumba ambazo fundi amezisafisha na kuziwekea Windows upya. Dalili yake ni alama ya manjano kando ya jina "Unknown device" chini ya "Other devices". Draiva ikishachukuliwa kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, Bluetooth hujitokeza. La tatu ni kwamba redio haipo. Kompyuta nyingi za mezani, hasa zile zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kuuzwa huku, hazikuwekewa Bluetooth tangu kiwandani.

Mtego wa Windows 7

Kuna kosa ambalo huwapata hata mafundi. Redio inaweza kuwa ya toleo la 4.0, ikiwa nzima na bila kasoro, lakini kompyuta ikawa ingali inatumia Windows 7. Toleo hilo la Windows halina uwezo wake lenyewe wa kushughulikia Bluetooth ya nishati kidogo. Uwezo huo uliingia na Windows 8 mwaka 2012. Katika hali hii redio inasubiri tu mfumo unaoielewa, na kazi ya fundi ni kuweka mfumo mpya, si kubadilisha kifaa chochote. Isitoshe, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kompyuta inayoweka hesabu za wanachama haifai kubaki humo kwa sababu za usalama peke yake. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, jambo la kuulizwa na yeyote anayenunua kompyuta ya mitumba leo.

Linux na Mac

Vituo vya vijana na shule zinazotumia Linux hazina kichupo cha kufungua, lakini jibu lake hupatikana haraka zaidi. Katika dirisha la kuandikia amri, mtumiaji aandike sudo btmgmt info na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Mstari unaoanza na "supported settings" utaorodhesha uwezo wa redio kwa maneno mafupi mafupi. Neno le likiwemo, nishati kidogo ipo. Mstari wa pili, "current settings", unaonyesha kile kilichowashwa kwa sasa, na si vizuri kuichanganya mistari hiyo miwili.

Kwa kompyuta za Apple, MacBook Air na Mac mini zilizotoka katikati ya mwaka 2011 ndizo zilizotangulia kuwa na toleo la 4.0. Taarifa kamili hupatikana kwenye ripoti ya mfumo, chini ya kipengele cha Bluetooth.

Mizani nayo ikaguliwe

Kompyuta ikipita mtihani, upande wa pili bado. Baadhi ya mizani zinazouzwa kwa jina la Bluetooth zinatumia ile ya kawaida, na nyingine ile ya nishati kidogo. Njia rahisi ya kujua ni simu. Kuna programu ya bure iitwayo nRF Connect, iliyotengenezwa na kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, ambayo huorodhesha vifaa vya nishati kidogo vilivyo karibu. Mizani ikiwashwa na kujitokeza kwenye orodha hiyo, lugha yake imejulikana. Hii pia inaeleza kwa nini simu ya katibu iliiona mizani wakati kompyuta ilikuwa kipofu: simu za Android zilipewa njia rasmi ya kutumia nishati kidogo kuanzia toleo la 4.3 la mwaka 2013, na kompyuta nyingi za mitumba ni za miaka ya nyuma kuliko simu iliyo mfukoni mwa mwenye kuzinunua.

Kisha kuna programu ya hesabu. Mizani ya Bluetooth ya kawaida huonekana kwa kompyuta kama waya wa kubuni wenye jina linaloanza na COM, na programu nyingi za zamani za vituo vya maziwa zilitengenezwa kusoma kutoka hapo tu. Mizani ya nishati kidogo haitokei hivyo. Mara nyingine haihitaji hata kuunganishwa kupitia ukurasa wa mipangilio ya Windows, kwa kuwa programu yenyewe ndiyo inayoitafuta. Basi mizani kukosekana kwenye ukurasa huo si ushahidi kwamba imekufa, na kuonekana kwake hapo si ushahidi kwamba kilo zitaingia kwenye hesabu. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: programu hii inasoma mizani ya aina gani?

Jambo lingine lisilohusu redio lakini lisilofaa kusahaulika: mizani yoyote inayotumika kwa biashara hutakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Kutuma namba bila waya hakuifanyi namba hiyo kuwa sahihi. Mizani iliyopotoka itatuma upotovu wake kwa uaminifu mkubwa kila asubuhi.

Ikiwa kompyuta haina uwezo

Kompyuta isiyojua lugha ya nishati kidogo haihitaji kutupwa. Kuna adapta ndogo za USB, zisizozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ambazo huipa kompyuta redio mpya. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kompyuta nyingine, na kwa kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth hiyo ndiyo njia ya kawaida. Masharti ni machache. Windows iwe ya toleo la 8 au zaidi. Ikiwa kompyuta ina redio yake ya zamani, redio hiyo izimwe kwanza katika "Device Manager" kwa kuchagua "Disable device", kwa sababu Windows hufanya kazi na redio moja ya Bluetooth kwa wakati mmoja, na zikiwashwa mbili matokeo huwa ya kubahatisha.

Adapta bandia zipo sokoni. Katoni huandikwa 5.0 ilhali kilicho ndani ni cha toleo la nyuma. Dawa yake ni ile ile ya LMP: adapta ichomekwe kwenye kompyuta hapo hapo dukani, namba isomwe, na kama haiwiani na katoni irudishwe kabla ya pesa kubadilisha mikono.

Mahali pa kuichomeka pia pana uzito. Vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje, hutoa kelele ya redio inayogusa masafa ya gigahezi 2.4, hivyo adapta isipangwe bega kwa bega na diski. Vyuma huzuia mawimbi, na kituo cha maziwa kimejaa mikebe ya chuma. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya pia. Mizani iliyofanya kazi vizuri mchana chumba kikiwa kitupu inaweza kusitasita alfajiri foleni ikiwa imejaa. Waya mfupi wa USB unaoiweka adapta juu ya meza, ikitazamana na mizani kwa umbali wa mita chache, hutatua mengi.

Wakati wa kulipa

Ukaguzi wote huu unafaa ufanywe kifaa kikiwa bado mikononi mwa muuzaji. Kamati inayokwenda kununua mizani ichukue kipakatalishi cha kituo, na inayokwenda kununua kompyuta ichukue mizani, au ikiwa ni nzito mno, ichukue jina na namba ya muundo wake pamoja na picha ya skrini ya nRF Connect. Muuzaji aonyeshe uzito ukiingia kwenye programu itakayotumika, si kwenye simu yake.

Risiti nayo iseme zaidi ya bei. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi nguvu pale alipomweleza muuzaji kazi anayotaka kifaa kifanye na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Ulinzi huo hupungua mnunuzi anapoitisha bidhaa kwa jina lake la kibiashara bila kueleza kazi yake, na maelezo ya mdomo ni magumu kuthibitisha. Mstari mmoja unatosha, ukiandikwa kabla ya kulipa na kutiwa sahihi na pande zote mbili: mizani ya muundo fulani, kwa ajili ya kutuma uzito kwa Bluetooth ya nishati kidogo kwenye kompyuta ya muundo fulani yenye Windows ya toleo fulani. Nakala moja ibaki kwa mweka hazina, na nyingine ibandikwe ndani ya jalada la daftari la maziwa, ambalo kituo kitaendelea kulihitaji siku ambazo umeme umepotea.